Mgeni Aliyejengewa Wimbo: Uchambuzi wa Kisa cha Albamu Moja ya Dar es Salaam

Kisa ninachokichambua hapa kinahusu wimbo mmoja, wa tano kwa mpangilio, katika albamu ya nyimbo tisa iliyorekodiwa Mwananyamala kuanzia Oktoba 2023 hadi Aprili ya mwaka uliofuata, bila lebo wala mfadhili, kwa kushirikisha wasanii 14. Jina la albamu na majina ya washiriki nayaacha, kwa kuwa ndivyo tulivyokubaliana kabla sijaandika. Mimi si mwanamuziki. Mchana ni mhasibu katika ofisi ya wakala wa forodha, na niliingia katika kazi hii kwa sababu mtayarishaji, ambaye nilisoma naye sekondari, alihitaji mtu wa kushika makaratasi, akaniamini kwa hesabu kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Nyimbo nane hazikutusumbua. Utaratibu wake anaufahamu yeyote aliyewahi kukaa katika studio ya chumba kimoja hapa mjini: mtayarishaji anatengeneza biti, mwenye wimbo anaandika beti na kiitikio, halafu anaalikwa msanii wa kushirikishwa, ambaye anasikiliza wimbo uliokwisha kusimama, anaandika ubeti wake, anaingiza sauti, anapewa nauli pamoja na kiasi walichopatana, na anaondoka. Kwa wageni wa namna hiyo nilikuwa na fomu ya ukurasa mmoja. Ilitaja malipo, namna jina litakavyoandikwa, na asilimia ya utunzi inayotokana na ubeti husika. Wote walisaini, mmoja alisainia juu ya siti ya bodaboda, injini ikinguruma, kwa sababu alikuwa anawahi shoo Mbagala. Neno "kushirikishwa" linaieleza hali hiyo barabara: yupo mwenye shughuli, na yupo aliyealikwa.

Wimbo wa tano haukuzaliwa hivyo, na kosa letu kubwa, ambalo ndilo kiini cha uchambuzi huu, lilikuwa kuupitisha kwenye fomu ileile.

Mpigaji tuliyemwalika wa ilimba, ala ya Wagogo yenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole juu ya boksi la mbao, ni Mgogo wa Mvumi, wilayani Chamwino, mzee wa miaka sabini na ushee, ambaye wakati huo alikuwa akikaa kwa binti yake Chanika kwa ajili ya matibabu. Aliitwa kwa kazi ndogo: kuweka kionjo cha ilimba juu ya biti ya wimbo wa tatu, ili albamu ipate ladha ya bara. Biti ilikuwa tayari. Saa nzima ya kwanza ilipotea kwa jambo ambalo mpaka leo linatuchekesha. Kila Mzee alipogusa chuma cha ilimba, spika zilitoa mlio mwembamba wa kukwaruza, na mtayarishaji, akidhani waya wa maikrofoni umekufa, aliubadilisha mara mbili, kisha akabadilisha na maikrofoni yenyewe. Mzee alimwacha amalize ndipo akageuza boksi la ilimba na kumwonyesha tundu lililozibwa kwa utando mweupe wa buibui. Mlio ule ndio anaoutafuta. Ilimba isiyo na utando, alisema, ni kama mtu mwenye mafua.

Hata baada ya hapo, ilimba na biti havikuelewana. Ilikuwa Novemba, kipindi cha mgao wa umeme, na ilipokaribia saa tatu usiku umeme ukakatika. Feni ikasimama, taa zikazima, lakini kompyuta ya mapajani ilikuwa na chaji, na kadi ya sauti ilikuwa inapata umeme kutoka humohumo. Wakati sisi tunatafuta tochi za simu, Mzee aliendelea kupiga ili kupitisha muda, safari hii bila vipokea sauti masikioni na bila kliki, yaani mlio wa kuhesabu mapigo, ya kumwongoza, kisha akaanza kuimba kwa sauti ya chini, Kigogo, mstari mmoja unaorudi na kurudi. Mtayarishaji akabonyeza kitufe cha kurekodi bila kumwambia mtu. Zilipatikana dakika 11.

Dakika hizo ndizo wimbo wa tano. Kila kilichokuja baadaye kilijengwa juu yake, na hapa inanibidi nikae kidogo, kwa sababu hoja yote ya umiliki imelala kwenye ufundi. Kwanza ni mwendo. Kwa kuwa Mzee hakufuata kliki, kasi yake ilipanda na kushuka kama pumzi, kwa hiyo mtayarishaji alilazimika kuchora ramani ya mwendo, pigo kwa pigo, ili ngoma za kompyuta zimfuate yeye. Pili ni sauti zenyewe. Ilimba ya Wagogo haitunwi kwa mpangilio wa piano, ambamo oktavu imegawanywa katika nusutoni 12 zilizo sawa. Sauti zake zinafuata ngazi ya asili ya uangwi, ileile anayoipata mtu akipuliza bomba refu au akigusa uzi katika sehemu zake za nusu, theluthi na robo. Sauti ya saba katika ngazi hiyo iko chini ya ile ya piano kwa takriban senti 31, yaani karibu theluthi moja ya nusutoni, na ya tano iko chini kwa senti kama 14. Kwa maandishi ni tofauti ndogo. Kwa sikio ni kubwa mno, hasa unapoweka kinanda juu yake.

Mwimbaji wetu mkuu, dada wa Temeke mwenye sauti ambayo kwa kweli haihitaji msaada, aliingiza beti zake tatu, na mtayarishaji, kwa mazoea ya kazi za kila siku, akapitisha sauti ile kwenye autotuni, programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji. Matokeo yalikuwa ya ajabu. Kabla ya kusahihishwa, alikuwa ameimba sawasawa na ilimba, kwa kuwa sikio lake lilikuwa limemfuata Mzee. Baada ya kusahihishwa, programu ilimvuta kwenye nota za piano na kumfanya asikike kama amepotea. Usiku mbili ziliisha tukimlaumu dada wa watu. Usiku wa tatu mtayarishaji akazima autotuni, kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: akashusha nota za kinanda, moja baada ya nyingine, mpaka kikakaa kwenye ngazi ya ilimba. Mpigaji fidla wa taarabu, aliyekuja wiki iliyofuata, hakuhitaji maelezo. Fidla haina vituo vya vidole kwenye shingo yake, naye amezoea sauti zinazokaa katikati ya nota za piano. Alisikiliza mara moja, akasogeza kidole, akaingia. Msanii wa singeli alimalizia kwa ubeti wa sekunde 20 hivi, wa kasi na wa kuchekesha.

Kwa hiyo mwendo, ngazi ya sauti na kiitikio vilitoka kwa mtu mmoja, ambaye kwenye makaratasi yangu aliandikwa "mgeni, wimbo wa 3, ilimba".

Tatizo lilijitokeza Aprili, tulipoanza kujaza fomu ya msambazaji wa mtandaoni, yule anayepeleka nyimbo Boomplay, Spotify, Audiomack na kwingineko. Fomu inataka kila wimbo uwe na msanii mkuu, wasanii washirikishwa, watunzi, na mgawanyo wa mapato unaofikia 100. Niliwaandikia wahusika watano wa wimbo wa tano, kila mmoja peke yake, nikimwomba anitajie asilimia anayoona ni haki yake. Mtayarishaji aliandika 40. Dada wa Temeke aliandika 40. Binti wa Mzee, kwa niaba ya baba yake, aliandika 30. Msanii wa singeli alitaka 35, akaeleza kwamba ubeti wake ndio utakaochezwa kwenye vigodoro. Mpigaji fidla aliandika 20 na kuomba radhi kama amezidisha. Nilijumlisha mara mbili nikidhani nimekosea. Ilikuwa 165.

Wepesi wa kusema ni kwamba watu wana tamaa, na siku ile nilisema hivyo. Sasa nadhani nilikosea kuuliza. Niliwauliza swali moja wakati yalikuwa mawili, na kila mmoja alijibu lile aliloliona. Dada alikuwa anahesabu maneno aliyoyaandika. Mtayarishaji alikuwa anahesabu usiku aliokesha na umeme aliolipia. Mpigaji fidla alikuwa anahesabu dakika anazosikika.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inayatenganisha mambo hayo. Hakimiliki ni ya utunzi: maneno na muziki, bila kujali nani ameimba. Hakishiriki ni ya watumbuizaji na watayarishaji wa rekodi: sauti hii, iliyonaswa siku hii. Hata misimbo ya kimataifa inafuata mstari huo. ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, hutambulisha rekodi, na ISWC hutambulisha utunzi. Kazi iliyotungwa na watu kadhaa kwa pamoja ni mali yao wote, na kwa sheria yetu ulinzi wake unaendelea miaka 50 baada ya kifo cha wa mwisho wao. Haki yenyewe huzaliwa pamoja na kazi. Usajili wa COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, unasaidia kuthibitisha, lakini si huo unaoizaa. Wasanii wengi niliokutana nao wanaamini kinyume chake, kwamba asiyesajili hana kitu, na imani hiyo ndiyo inayowafanya wasaini karatasi za ovyo.

Mtumbuizaji pia ana haki ya kuridhia kurekodiwa. Kwa hilo hatukuwa salama. Mtayarishaji alirekodi gizani bila kuomba. Alimwambia Mzee umeme uliporudi, Mzee akacheka na kutaka asikilizishwe, na sote tulichukulia kicheko kile kuwa ruhusa. Nimeandika hapa kwa sababu ningekuwa mkaguzi wa hesabu za mtu mwingine, ningelitia alama nyekundu.

Desturi yetu haikutusaidia. Katika bendi za dansi zilizoajiri wanamuziki, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, au DDC Mlimani Park iliyoanza 1978, mpiga solo na mwimbaji walikuwa ndani ya nyumba moja na mshahara mmoja. Swali la mgeni halikuwa na nafasi, ingawa maswali mengine yalikuwepo tele. Ni kompyuta ya Bongo Fleva iliyotuletea mwenye studio anayealika. Hisani ikachukua nafasi ya mshahara: leo unaniimbia kiitikio, kesho nakuja kwako. Sina ugomvi na hisani, na bila hiyo albamu hii isingekuwepo, lakini haijibu fomu inayodai 100.

Tulikutana Jumapili moja mchana palepale studio, wahusika wanne na mimi. Mpigaji fidla hakuja. Alikuwa na harusi Ilala. Mzee aliletwa na binti yake, na baada ya shikamoo za vijana na maji ya kunywa, nilimweleza kwamba tunataka kumweka kama mtunzi wa kiitikio kwa asilimia 30 kama familia ilivyopendekeza. Alimtazama binti yake, akaniambia kwa upole kwamba wimbo ule si wake. Aliupata kwa bibi yake, aliyekuwa mtoto wakati wa Mtunya, njaa kuu iliyoipiga Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, na bibi naye hakusema kama aliutunga au aliukuta. Yeye amebadilisha maneno mawili matatu na namna ya kuurudia. Kuuza kitu cha bibi hakuwezi. Binti akakumbusha habari za dawa. Chumba kikanyamaza, na niliona aibu kuwa na kikokotoo mkononi.

Hapo sheria ilitupa mlango ambao sikuutarajia, kwa kuwa ina sehemu yake kuhusu sanaa za jadi, inayotaka idhini pale zinapotumiwa kwa faida nje ya mazingira yake ya asili, na asili yake itajwe. Maana yake ni kwamba kiitikio hakikuwa cha Mzee kuuza, na hakikuwa chetu kuchukua, lakini mpangilio alioufanya yeye, yaani maneno aliyobadilisha, mfuatano wa ilimba na namna ya kurudia, ulikuwa kazi yake halali. Nilipomweleza hivyo kwa maneno mepesi, aliuliza jambo moja tu: je, Mvumi itatajwa? Tukasema itatajwa. Akasema basi.

Tulichora majedwali mawili kwenye ubao mweupe wa studio. Katika utunzi, dada alipata 40 kwa beti zake, mtayarishaji 30 kwa muziki alioujenga, Mzee 20 kwa mpangilio wake wa wimbo wa jadi, na msanii wa singeli 10. Katika rekodi, mtayarishaji alipata 50 kwa sababu gharama zote zilikuwa zake, dada 15, Mzee 15, singeli 10, fidla 10. Msanii wa singeli alilalamika kwa dakika tano kisha akapiga picha ubao na kuituma kwa meneja wake, ambaye alijibu kwa alama ya dole gumba. Jina la Mzee liliondolewa kwenye safu ya washirikishwa na kuwekwa sambamba na la dada, wasanii wakuu wawili. Mtayarishaji alisita kidogo hapo, maana albamu ni yake, na namna jina linavyoingizwa ndiyo inayoamua wimbo uonekane wapi kwenye ukurasa wa kila msanii. Mzee ndiye aliyemtoa kwenye kusita. Alisema kwao mgeni siku ya tatu hupewa jembe, na yeye jembe ameshalishika, basi aambiwe shamba analima la nani.

Malipo yalipangwa kila miezi sita kwa simu, na kiasi kisichofikia shilingi 5,000 kinasubiri awamu inayofuata ili makato ya kutuma yasikimeze. Sehemu hii ya kazi ilikwenda vizuri, na sina la kuongeza.

Lipo ninaloliona kuwa tulilikosea. Wimbo unafunguliwa na fidla. Ni kifungu cha mizani minane ambacho hakuna aliyemwandikia wala kumwimbia mpigaji. Alikitunga amesimama, viatu amevua, katika pumzi ya kwanza aliyosikiliza ilimba. Watu wanapoukumbuka wimbo huu wanavuma kifungu hicho. Katika jedwali la utunzi hayumo. Tulimwona kuwa mtumbuizaji kwa sababu mbili ambazo zote si sababu: kwamba fidla katika taarabu ina kawaida ya kujaza nafasi, na kwamba siku ya kikao alikuwa harusini. Mzee alikuwepo, akasema, akasikilizwa. Mpigaji fidla aliletewa karatasi nyumbani kwake Buguruni, akasaini kwa adabu akiwa amesimama mlangoni, na mimi ndiye niliyempelekea. Kipimo tulichomtumia Mzee, yaani nani amemfuata nani, hatukumtumia yeye, japokuwa beti za dada katika toleo la mwisho zinaanza pale fidla inapoishia na zinafuata mteremko wake.

Kuhusu Mvumi, ahadi ilikuwa ngumu kuitimiza kuliko asilimia. Nafasi ya mtunzi katika fomu ya msambazaji ilikubali jina la kwanza na la mwisho la mtu, si la kijiji wala la watu wake. Nilijaribu kuandika kwenye kichwa cha wimbo, ndani ya mabano, ikarudishwa. Tukaandika kwa herufi ndogo kwenye picha ya kava. Ikarudishwa nayo, kwa maelezo kwamba kava lisiwe na maneno yasiyo jina la msanii au la albamu. Sharti pekee alilotoa mtu aliyekataa asilimia 30 ndilo pekee ambalo mfumo mzima haukuwa na kisanduku chake.

Mtayarishaji alikwenda Chanika na kinasa sauti kidogo, safari hii akiomba ruhusa kwanza. Sasa wimbo unaanza na sekunde nne za Mzee akitaja kwa Kigogo jina lake, la bibi yake na la Mvumi, kuku wakisikika kwa mbali, na toleo hilo ndilo tulilolipa msimbo na kulipeleka. Fidla inaingia katika sekunde ya tano. Marekebisho ya jedwali la utunzi niliyoyapendekeza, ya kumpa mpigaji wake 10 kutoka fungu la mtayarishaji na 5 kutoka la singeli, yamesainiwa na wawili, na bado yanasubiri saini tatu.